Jade ya kale ya China: umri wake unausoma kaburini

Watu wanatutumia picha ya jade ya Kichina, lile jiwe gumu la kuchongwa, wanauliza hii ni ya mwaka gani, wanataka jibu hapohapo. Jamani, kwa picha tu hatuwezi. Kipimo cha kaboni hakifanyi kazi kwenye jade maana haijawahi kuwa kitu chenye uhai, na umri wa mwamba haukwambii fundi aliichonga lini. Kinachopimwa ni mkaa, mbao au mifupa iliyolala nayo udongoni, ndo maana jade iliyochimbuliwa kienyeji ikaingia sokoni imeshapoteza ushahidi wake mkubwa.

Angalia cong, ile jade iliyochongwa yenye pembe nne kwa nje na tundu la duara linalopita juu mpaka chini. Miaka na miaka wasomi walisema ni za enzi za wafalme wa Zhou au Han. Mfalme Qianlong, karne ya 18, alizipenda mno akawa anachongesha mashairi yake juu yake, na kuna moja iko makumbusho ya Taipei ambayo ukilisoma shairi lake vizuri, zile sura za kale zilizochongwa juu yake zinakuwa kichwa chini! Hakuna aliyejua ni sura.

Mwaka 1973 huko Caoxieshan, mkoa wa Jiangsu, cong zikakutwa kaburini pamoja na vyungu vya utamaduni wa Liangzhu, watu wa zama za mawe, basi hesabu yote ikabadilika, kumbe ni za kati ya 3300 na 2300 KK, zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Zhou. Halafu 1986 kaburi namba 12 la Fanshan, la Liangzhu pia, karibu na Hangzhou, likatoa cong ya kilo 6.5 hivi, ina mtu mwenye kilemba cha manyoya na chini yake mnyama wa macho makubwa ya duara, mistari myembamba kama unywele, na hawa watu hawakuwa na chuma. Jade walikuwa wanaisaga kwa mchanga mgumu na maji, kamba ikivutwa inaacha mikwaruzo iliyopinda, na tundu linatobolewa pande zote mbili kwa hiyo ukichungulia katikati unakuta kingo pale matundu yalipokutana bila kulingana sawasawa.

Ila hata kaburi linataka akili. La Fu Hao, mke wa mfalme wa Shang, kule Anyang, lililochimbwa 1976, ni la kama 1200 KK na lina jade 755, lakini baadhi zina umbo la Hongshan, utamaduni wa kale zaidi, zimeizidi umri maiti yenyewe kwa mbali, yaani vilikuwa vitu vya kale hata kwao.

Kuhusu maana, utasikia cong ni ya ardhi na bi, ile sahani yenye tundu, ni ya mbingu. Hayo yametoka kitabu cha Zhouli, kilichoandikwa miaka elfu mbili hivi baada ya Liangzhu. Mimi siyabebeshi makaburi yao maneno hayo. Kaburi namba 3 la Sidun, nalo la Liangzhu, lina cong 33 zimemzunguka marehemu, zingine zina alama za moto, na ibada ile tunaisoma kutoka hapo kwanza.