Sonja Henie hakushinda kwa kuruka

Olimpiki ya majira ya baridi ikikaribia, video ileile isiyo na rangi inayomwonyesha Sonja Henie, Mnorwei wa mchezo wa kuteleza kwa madaha kwenye barafu, huanza kuzunguka kwenye simu, na hukumu ni ileile: "Huyu ndiye bingwa wa dunia mara kumi? Mbona anaruka mzunguko mmoja tu? Leo angeshindwa na watoto!" Wanaomtetea nao huja na hoja mbovu zaidi, kwamba alibebwa na tabasamu na sketi fupi. Pande zote mbili zinahukumu shindano kwa kutazama sehemu yake ndogo.

Henie alishinda ubingwa wa dunia mfululizo kuanzia 1927 hadi 1936, ubingwa wa Ulaya mara sita kuanzia 1931, na dhahabu tatu za Olimpiki: St. Moritz 1928, Lake Placid 1932 na Garmisch-Partenkirchen 1936. Katika enzi hiyo programu huru, ile yenye muziki na mirukio, haikuwa hata nusu ya alama. Asilimia 60 ilitoka kwenye michoro ya lazima, na hiyo ndiyo sehemu ambayo watu wa kamera hawakuona sababu ya kuipiga picha.

Mchoro wa lazima ni hivi. Mchezaji anasimama tuli mahali ambapo duara mbili zitakutana. Anajisukuma kwa ukingo wa bledi, yaani chuma chembamba kilicho chini ya kiatu. Kusukuma kwa meno ya mbele ni kosa. Anachora duara zima kwa mguu mmoja, kipenyo chake kama mara tatu ya kimo chake, anarudi palepale alipoanzia, anabadili mguu, anachora duara la pili. Kisha anarudia mchoro wote juu ya mstari uleule hadi ufikie mara tatu. Majaji wanaingia kwenye barafu, wanainama, wanakagua mistari. Yote haya hayana muziki.

Ugumu unatokana na bledi yenyewe. Katikati ina mfereji mdogo, hivyo ina kingo mbili, wa ndani na wa nje. Ukiegemea sawasawa, barafu inabaki na mstari mmoja. Ukisimama wima hata kidogo, kingo zote mbili zinagusa na mistari inakuwa miwili: alama zinashuka. Mchezaji anapogeuka kutoka mbele kwenda nyuma, ncha ya mgeuko inatakiwa iwe kali na ielekee kwenye mhimili wa mchoro. Akibadili ukingo mapema, alama ya mkwaruzo inabaki pale na hakuna tabasamu litakaloifuta. Duara la kushoto likiwa kubwa kuliko la kulia, jaji analiona bila rula. Tena mara nyingi kazi hii ilifanyika nje, kwenye upepo, juu ya barafu ya asili.

Kwa hiyo kabla ya kubishana juu ya Henie, acha kuhesabu mizunguko ya hewani. Tafuta matokeo yanayotenganisha michoro na programu huru, uyasome, ndipo useme.

Hata hiyo mizunguko ina maelezo yake. Mwaka 1920 Mmarekani Theresa Weld alionywa na majaji kwa sababu ya mruko wa Salchow, eti haumfai mwanamke. Mruko wa mizunguko miwili uliingia kwenye mashindano ya wanawake mwaka 1936, na aliyeuleta ni Mwingereza Cecilia Colledge. Mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 15, Colledge alimkaribia Henie kwenye michoro ya Olimpiki kiasi kwamba Henie alikasirika na kuichana karatasi ya matokeo iliyobandikwa ukutani. Bingwa aliyeamini kwamba programu huru ingemaliza kila kitu asingehangaika na karatasi ile.

Kuna na madai mengine yanayozunguka juu yake. "Alianza kushinda tangu mtoto." Hapana. Kwenye Olimpiki ya Chamonix 1924, akiwa na miaka 11, alikuwa wa mwisho kati ya wanawake wanane, na katikati ya programu alikwenda pembeni kumuuliza kocha afanye nini baadaye.

"Ubingwa wake wote ulikuwa safi." Huu wa 1927 una doa, na mashabiki wake hawapendi kuusikia. Shindano lilikuwa Oslo, kwao, na kati ya majaji watano watatu walikuwa Wanorwei. Wale watatu walimweka Henie wa kwanza. Mwaustria na Mjerumani walimweka Herma Szabo wa Austria, bingwa mtetezi. Kilichohesabiwa ni wingi wa majaji, basi tatu kwa mbili zikatosha. Szabo aliacha mashindano ya mmoja mmoja, na Shirikisho la Kimataifa la mchezo huu likaweka kanuni ya jaji mmoja kwa kila nchi. Henie aliendelea kushinda chini ya kanuni hiyo miaka tisa, jambo ambalo wanaomwita mwizi hulisahau upesi.

"Alimpigia Hitler saluti kwenye Olimpiki." Saluti aliipiga, lakini ilikuwa kwenye onyesho mjini Berlin muda mfupi kabla ya michezo. Magazeti ya Norwei yalimshambulia vikali, na Garmisch hakuirudia.

"Akseli aliibuni yeye." Mruko huo ni wa Mnorwei mwingine, Axel Paulsen, aliyeuruka Vienna mwaka 1882.

"Norwei ni ngome ya mchezo huu." Ni ngome ya kuteleza kwenye theluji. Kwa barafu ya michoro na mirukio, tangu dhahabu ya Henie ya 1936 nchi hiyo haijapata medali nyingine ya Olimpiki. Michoro ya lazima yenyewe iliondolewa kwenye mashindano ya kimataifa mwaka 1990, na ndiyo maana wengi wanaomhukumu leo hawajawahi kuuona hata mchoro mmoja ukichorwa.