Masundosundo: tego, bawasiri na maneno mengine ya mtaani

Masundosundo ni vinyama vinavyoota sehemu za siri. Vikiota, wengi huanza kumsaka aliyewaletea kabla hawajatafuta tiba. Maneno ya mtaani ndiyo yanayowatuma huko.

“Nimetegwa.”
Mwanamume akiota vinyama uumeni, huambiwa kagusa mke wa watu na mwenye mke kaweka tego, yaani uchawi wa kumnasa mzinzi. Anapelekwa kwa mganga, analipa, na pengine baada ya miezi vinyama vinakauka. Hapo mganga anapata sifa isiyo yake. Masundosundo yanaletwa na kirusi cha HPV, hasa aina ya 6 na ya 11, zinazosababisha takriban visa 9 katika kila 10. Kirusi hupita ngozi kwa ngozi wakati wa kujamiiana. Kwa baadhi ya watu kinga ya mwili hukidhibiti na vinyama hupotea vyenyewe, awe amekwenda kwa mganga au amekaa nyumbani.

“Yameota kwake, basi ndiye aliyetoka nje.”
Hii ndiyo dhana inayoniuma kuliko zote, maana imewarudisha wanawake kwao na mabegi kichwani. Tangu kirusi kiingie hadi kinyama kionekane huweza kupita wiki kadhaa, miezi, hata miaka. Tena wengi wanaoambukizwa hawaoti kinyama hata kimoja, lakini wanaweza kuambukiza. Kwa hiyo mume mwenye ngozi laini kabisa anaweza kuwa ndiye aliyekileta, na mke anaweza kuwa alikuwa nacho kabla hawajajuana. Hakuna kipimo cha hospitali kinachoweza kusema kilitoka kwa nani wala siku gani. Anayetumia vinyama kama ushahidi wa uzinzi anahukumu kwa kubahatisha. Kilicho sawa ni wote wawili kwenda kuchunguzwa.

“Ni bawasiri tu.”
Vinyama vya njia ya haja kubwa huchanganywa sana na bawasiri, na watu hupaka dawa ya bawasiri mwezi mzima bila nafuu. Bawasiri ni mishipa ya damu iliyovimba. Masundosundo mara nyingi huwa na uso unaokwaruza, kama ua la koliflawa. Na kuyaota huko si lazima mtu awe ameingiliwa kinyume na maumbile, kwani kirusi huweza kufika kutoka ngozi ya jirani. Lipo kosa jingine la hatari zaidi: kaswende ikifika hatua ya pili nayo huotesha uvimbe bapa, wenye unyevu, unaofanana na masundosundo. Huo unatibiwa kwa penisilini. Ndiyo maana mhudumu akikushauri upime kaswende na VVU, kubali. VVU visivyodhibitiwa kwa dawa hufanya vinyama vikue sana na vikatae kuisha.

“Vichome mwenyewe.”
Tafadhali usifanye hivyo. Maji ya betri ambayo wengine huyapaka huunguza ngozi hiyo laini na kuacha kidonda na kovu. Dawa za kuondoa chunjua za mikononi na miguuni nazo hazikutengenezwa kwa sehemu za siri. Antibayotiki hazisaidii, kwa sababu haziui kirusi. Hospitalini zipo njia kadhaa: podofilotoksini au krimu ya imikwimodi ambazo mgonjwa hujipaka kama alivyoelekezwa, asidi maalumu anayopaka mhudumu, kugandisha kwa naitrojeni ya maji, au kukata na kuchoma kwa umeme chini ya ganzi. Mjamzito aseme mapema, maana podofilotoksini na dawa ya jamii yake, podofilini, hazimfai. Vinyama vikirudi ndani ya miezi mitatu usidhani umedanganywa. Tiba huondoa vinyama, na kirusi huweza kubaki kwenye ngozi kwa muda. Rudi tena.

“Yatageuka saratani.”
Ni nadra sana kwa aina ya 6 na 11. Aina ya 16 na 18 ndizo zinazohusika na takriban asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi. Ila mtu anaweza kubeba aina zaidi ya moja, hivyo mwanamke asiache kupima mlango wa kizazi kuanzia miaka 30, na mapema zaidi akiwa anaishi na VVU.

“Kondomu inatosha.”
Inapunguza hatari, itumie. Lakini haifuniki ngozi yote.

“Chanjo inafunga kizazi.”
Chanjo ya HPV ina protini za ganda la kirusi tu. Haina kirusi kamili, na haimfanyi msichana kuwa mgumba. Australia ilianza kuwachanja wasichana mwaka 2007. Kufikia 2011, masundosundo kwa wanawake wa chini ya miaka 21 waliofika kliniki za magonjwa ya zinaa yalikuwa yamepungua kwa zaidi ya asilimia 90, na hata vijana wa kiume ambao hawakuchanjwa waliugua kwa uchache. Tanzania iliingiza chanjo hii katika ratiba ya taifa mwaka 2018, na mwaka 2024 wasichana wa miaka 9 hadi 14 walianza kupewa dozi moja. Mzazi aulize kitu kimoja: je, chanjo hii inakinga pia aina ya 6 na 11? Zipo zinazolenga 16 na 18 pekee, nazo hukinga saratani bila kuzuia masundosundo. Na kwa aliyekwisha kuota vinyama, chanjo haiviondoi. Hivyo vinataka tiba.