Je, wajua kwa nini kesi ya ubakaji wa mtoto huweza kuanguka kwa sababu ya umri tu?

Sheria nyingi zinazomlinda mtoto Tanzania Bara zinategemea namba moja: 18. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaja mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka hiyo. Kifungu cha 130(2)(e) cha Kanuni ya Adhabu nacho kinasema kumwingilia msichana wa chini ya miaka 18 ni ubakaji, awe ameridhia au hakuridhia. Kwa mtu mzima anayetiwa hatiani, kifungo hakipungui miaka 30. Mtoto akiwa chini ya miaka 10, ni kifungo cha maisha.

Ukali huo wote unasimama juu ya jambo ambalo ni lazima upande wa mashtaka ulithibitishe: msichana alikuwa na umri gani siku ya tukio? Lisipothibitishwa, shtaka chini ya kifungu hicho halisimami, hata kama tendo lenyewe halina ubishi. Mahakama ya Rufani imekwisha kuwaachia huru warufani kadhaa kwa sababu hiyo.

Kosa lenyewe huwa dogo, na ndiyo maana linauma. Umri ulioandikwa kwenye hati ya mashtaka si ushahidi. Hayo ni madai. Shahidi anapopanda kizimbani huulizwa kwanza jina, umri, dini na makazi, nayo yanaandikwa juu ya maelezo yake. Hayo pia si ushahidi, kwa kuwa yanachukuliwa kabla hajala kiapo au, kwa mtoto mdogo, kabla hajaahidi kusema ukweli. Mama akiondoka kizimbani bila kutamka mwanawe alizaliwa lini, kwa kuwa kila mtu chumbani "anaona" kuwa ni mtoto, rufaa imepata pa kushika. Tatizo lingine ni muda: kesi ikikaa mwaka mzima, "ana miaka 17" inayosemwa leo haielezi wazi umri wa siku ya tukio, na mtoto aliyekuwa na miaka 9 huenda anatoa ushahidi akiwa na 10. Kinachotakiwa ni tarehe, mwezi na mwaka wa kuzaliwa.

Anayeweza kuthibitisha umri ni mtoto mwenyewe, mzazi, ndugu, daktari, au cheti cha kuzaliwa kikiwapo. Cheti basi si sharti. Lakini daktari anayepima meno na mifupa hutoa makadirio, na makadirio hayawezi kutenganisha miaka 17 na 19. Mzazi naye anaweza kuyumbishwa na maswali ya wakili. Cheti kilichotolewa miaka mingi kabla ya tukio hakiyumbishwi kirahisi.

Shida ni kwamba vyeti vilikuwa adimu. Sensa ya 2012 ilionyesha takriban asilimia 13 tu ya watoto wa chini ya miaka mitano Bara ndio waliokuwa navyo. Mzazi alipaswa kusajili kwanza, kisha kufuatilia cheti makao makuu ya wilaya, akilipa ada na nauli. Mwaka 2013 RITA, wakala wa serikali wa usajili, ilianza mpango mpya mkoani Mbeya: usajili ukashushwa hadi vituo vya afya na ofisi za kata, cheti cha mtoto wa chini ya miaka mitano kikawa bure na kikatolewa papo hapo, taarifa zikatumwa makao makuu kwa simu ya mkononi. Akili ya mpango huo iko kwenye kliniki. Mzazi ambaye hawezi kusafiri wilayani kufuata karatasi, kwa chanjo ya surua ya miezi tisa anafika.

Cheti humlinda pia mtoto anayeshtakiwa. Aliye chini ya miaka 10 hawajibiki kwa jinai, na Sheria ya Mtoto inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo. Kijana mrefu mwenye ndevu changa, asiye na karatasi, anaweza kujikuta mahabusu na watu wazima.

Kwa mzazi, mambo ni machache. Tangazo la kizazi unalopewa hospitalini si cheti. Wengi huliweka kabatini wakidhani wamemaliza. Soma tahajia ya majina kabla hujaondoka dirishani, kwani "Husein" kwenye cheti na "Hussein" kwenye rejesta ya shule huleta usumbufu miaka mingi baadaye, hasa wakati wa uhakiki wa vyeti kwa ajili ya mkopo wa chuo. Kadi ya kliniki usiitupe: kwa aliyechelewa kusajiliwa ndiyo kielelezo cha kwanza, pamoja na cheti cha ubatizo, cha shule au barua ya mtendaji.

Na yakitokea ya kutokea, namba 116, simu ya msaada kwa mtoto, hupigwa bure, na polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Nenda na kadi au cheti siku ya kwanza, si siku ya kesi, ili kiingie kwenye jalada la upelelezi. Mahakamani, mwendesha mashtaka asipokuuliza mtoto alizaliwa lini, itamke tarehe mwenyewe ukiwa bado kizimbani.