Maji yanayosukuma mafuta: modeli ya mtiririko hufuatilia nini?

Hapa Tanga mazungumzo ya mafuta huishia Chongoleani, kwenye matangi, gati na bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Ya chini ya ardhi kule Ziwa Albert hayasemwi sana, nami naona huko ndiko kwenye kiini, maana bomba hubeba kile tu ambacho mwamba umekubali kutoa.

Mafuta hayakai chini kama bwawa. Yamo ndani ya vitundu vidogo mno vya mwamba, yamebanwa kwa shinikizo. Kisima kikichimbwa, shinikizo hilo huyasukuma juu. Kadiri yanavyotoka ndivyo linavyopungua, hadi kisima kinalegea ilhali mafuta mengi bado yamo. Ndipo huchimbwa visima vya kuingizia maji, mbinu iliyoanzia Pennsylvania, Marekani, katika karne ya 19. Maji hulinda shinikizo, tena huyafagia mafuta kuelekea visima vya uzalishaji. Mradi wa kuchimba mafuta wa Tilenga, huko Uganda, ulipangwa hivyo tangu mwanzo: maji yachotwe Ziwa Albert, na yale yatokayo pamoja na mafuta yatenganishwe na kurudishwa chini.

Sasa, maji yakishaingia yanakwenda wapi? Mita iliyo juu ya kisima hutaja kiasi na shinikizo, basi. Chini huko maji hufuata tabaka linalopitisha kwa wepesi, au ufa. Sisi wa pwani tunalielewa hili: kisima kilicho karibu na bahari kikivutwa kwa pampu kupita kiasi, maji ya chumvi hujipenyeza. Katika mafuta nako, maji yakipata njia ya mkato kisima hutoa maji mengi, na mafuta ya pembeni hubaki bila kuguswa.

Modeli ya mtiririko ni hesabu ya kompyuta inayojaribu kuifuata safari hiyo. Mwamba hugawanywa katika vijumba vingi, kila kimoja kikipewa kiasi cha vitundu vyake na uwezo wake wa kupitisha kimiminika. Kanuni yake ya msingi ni ya Henry Darcy, mhandisi wa Ufaransa, aliyoitoa mwaka 1856 baada ya kupima maji yanavyopita kwenye mchanga. Kisha modeli huendeshwa kwa miaka iliyokwisha kupita. Ikitoa shinikizo na maji tofauti na yaliyopimwa visimani, hurekebishwa. Hapa pana hatari inayostahili kusemwa wazi: modeli mbili tofauti zinaweza kulingana na historia ileile, kisha zikatabiri mambo mawili. Kwa hiyo wahandisi makini huendesha kadhaa kwa pamoja.

Katika kufuatilia maji hayo, kipimo cha kwanza ni uwiano wa ujazo wa maji yaliyoingia na ule wa vimiminika na gesi vilivyotoka, vyote vikihesabiwa kwa hali ya chini ya ardhi. Ukiwa karibu na 1, shinikizo hutarajiwa kutulia. Ukizidi 1 kwa muda mrefu na shinikizo lisipande, huenda maji yanatorokea nje ya eneo la mafuta. Kingine ni mchoro wa Hall, wa mwaka 1963, unaolinganisha shinikizo lililojumlishwa kwa muda na maji yaliyokwisha kuingia. Mstari ukipinda kwenda juu, kisima kinaziba. Ukilala, pengine mwamba umepasuka.

Lenye faida kubwa zaidi, kwangu, ni mgawanyo. Tuseme kisima kimoja kinaingiza mapipa 1,000 kwa siku: modeli yaweza kukadiria kuwa 500 yanasaidia kisima cha kaskazini, 300 cha mashariki, na 200 yanapotea. Hapo mhandisi ana la kufanya: kupunguza maji, kuziba tabaka linalovujisha, au kuyahamishia kisima kingine. Akitaka uthibitisho hutia kemikali ya alama kwenye maji yanayoingia, kisha huchukua sampuli katika kila kisima jirani kuona itatokea wapi na baada ya muda gani. Isipotokea kule modeli ilikosema, hesabu inaanza upya.