Majivu ya Toba kwenye matope ya Ziwa Nyasa

Miaka 74,000 hivi iliyopita, volkeno ya Toba ililipuka kisiwani Sumatra, Indonesia. Shimo lake leo ni ziwa lenye urefu wa kilomita 100 hivi. Majivu yake, yaani vipande vidogo sana vya kioo cha volkeno, yalisafiri zaidi ya kilomita 7,000 yakaangukia Ziwa Nyasa.

Ukitazama tope lenyewe huoni kitu. Kazi yangu ni kuvitafuta vipande hivyo vya kioo, vingi vyembamba kuliko unywele. Tope hukatwa sentimita kwa sentimita, likachekechwa, kisha likatiwa kwenye kimiminiko kizito: madini huzama, kioo huelea. Baada ya hapo ni hadubini, saa nyingi. Tukikipata kioo, tunakipiga mwale wa elektroni kupima silika, potasiamu, chuma na kalsiamu, kwa sababu kila volkeno ina mchanganyiko wake. Hivyo ndivyo watafiti walivyoitambua Toba katika tope la Ziwa Nyasa, wakatangaza mwaka 2013.

Lakini kwangu mimi, tope lililo juu kidogo ya majivu lina umuhimu zaidi kuliko majivu yenyewe. Tangu miaka ya 1990 wapo wanaoshikilia kwamba Toba ilileta baridi kali ya miaka mingi, binadamu wakakaribia kwisha. Sasa fikiria ziwa hili. Maji yake ya chini kabisa hayana oksijeni, kwa hiyo hakuna minyoo wa kuvuruga matabaka. Kama hewa ingepoa sana, maji ya juu yangekuwa mazito, yangezama, yakapeleka oksijeni chini, na tope lingebadilika sura. Halikubadilika. Baadaye watafiti walichunguza pia mabaki ya mimea na mkaa wa moto wa porini katika tope hilo, wasione dalili ya majira hayo ya baridi.

Sidai kwamba Toba haikumdhuru mtu. Walioishi karibu na mlima ule waliangamia, sina shaka. Ninachokataa ni kuihukumu Afrika nzima bila kuliuliza tope la Afrika.

Vioo vya Toba vimepatikana pia Pinnacle Point, pwani ya Afrika Kusini, kwenye makazi ya watu wa kale. Watu wale hawakuhama. Zana zao za mawe zinaendelea chini ya majivu na juu yake.