Je, wajua kwa nini Rwanda ilifuta adhabu ya kifo?

Mwaka 1994, katika takriban siku 100, watu zaidi ya 800,000 waliuawa Rwanda. Nani angedhani kwamba miaka 13 baadaye nchi hiyo ingefuta adhabu ya kifo, hata kwa wauaji wale wale? Chimbuko la uamuzi huo liko Arusha.

Novemba 1994 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipiga kura kuunda mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari, ICTR, ambayo baadaye iliwekwa Arusha. Nchi 13 ziliunga mkono, China ikajizuia, na moja ikapinga: Rwanda yenyewe, iliyokuwa na kiti barazani mwaka huo. Mojawapo ya hoja zake ilikuwa nzito, na kwangu ilikuwa ya haki: adhabu ya juu ya ICTR ni kifungo cha maisha, basi vigogo waliopanga mauaji wataishi, na waliotumwa nao watauawa nyumbani.

Ikawa hivyo. Tarehe 24 Aprili 1998 watu 22 walipigwa risasi hadharani, Kigali na katika miji mingine. Hakuna aliyenyongwa wala kupigwa risasi kwa hukumu ya mahakama tangu siku hiyo.

Kisha ICTR ikatakiwa kumaliza kazi na kukabidhi baadhi ya kesi kwa mahakama za Rwanda. Kigali nayo iliwataka watuhumiwa waliojificha Ulaya, lakini nchi za Ulaya hazimtoi mtu akauawe. Machi 2007 Rwanda ikatunga sheria ya kuwaepusha na kifo watakaohamishiwa kutoka Arusha au nje. Hapo dhuluma ile ile ambayo Rwanda iliilalamikia barazani mwaka 1994 ingerudi kwa mlango wa nyuma: aliyekimbilia Ulaya apone, aliyebaki kijijini auawe! Tarehe 25 Julai 2007 adhabu ya kifo ikafutwa kwa wote, na mamia waliokuwa wakiisubiri wakabadilishiwa kuwa kifungo cha maisha. Kwa manusura wengi, hilo lilikuwa gumu kumeza.

Hata hivyo, mwaka 2008 majaji wa Arusha walikataa maombi ya kwanza ya kuhamishia kesi Rwanda, wakihofia usalama wa mashahidi na kifungo cha maisha cha upweke. Rwanda ikarekebisha sheria zake tena. Aprili 2012 mchungaji Jean Uwinkindi akawa wa kwanza kupelekwa Kigali kutoka ICTR, na Desemba 2015 akahukumiwa kifungo cha maisha.