Diplomasia isiyo rasmi na ujenzi wa amani: dhana potofu na ukweli

Diplomasia isiyo rasmi ni usuluhishi unaofanywa na watu au asasi zisizo za serikali.

Dhana: Asiye na jeshi wala fedha hana lake katika meza ya usuluhishi.

Ukweli: Jumuiya ya Sant'Egidio, iliyoanzishwa na Wakatoliki vijana jijini Roma mwaka 1968, haikuwa na askari wala uwezo wa kumwekea yeyote vikwazo ilipowakutanisha wajumbe wa serikali ya Msumbiji na wa Renamo, kundi la waasi lililokuwa likipigana nayo, mwezi Julai 1990. Udhaifu huo ndio uliofungua mlango, kwa kuwa serikali iliyokuwa ikiwaita wapinzani wake majambazi wenye silaha iliweza kuketi nao katika nyumba ya watu wa dini bila kuonekana imewapa hadhi ya dola, nao Renamo hawakuwa na sababu kubwa ya kumhofia mwenyeji wa namna hiyo. Miongoni mwa wapatanishi wanne alikuwamo Askofu Mkuu wa Beira, Jaime Gonçalves, aliyeyajua mateso ya vita kwa kuishi nayo. Mazungumzo yalikwama mara nyingi, yakachukua zaidi ya miaka miwili, hadi mkataba ulipotiwa saini tarehe 4 Oktoba 1992.

Dhana: Basi asasi hizi zinaweza kushika nafasi ya serikali.

Ukweli: Haziwezi, na sisi tunaoithamini kazi yao tunapaswa kuwa wa kwanza kulikiri hilo. Mkataba wa Msumbiji ulihitaji walinda amani wa Umoja wa Mataifa ili uchaguzi wa mwaka 1994 ufanyike. Huko Aceh, jimbo la Indonesia ambako waasi walipigania kujitenga, makubaliano ya Desemba 2002 kati yao na serikali yaliyopatanishwa na asasi binafsi ya Geneva yalivunjika Mei 2003, ilhali yale ya Helsinki ya Agosti 2005, ambayo nayo yalipatanishwa na asasi, ile ya Martti Ahtisaari, rais wa zamani wa Finland, yalipata waangalizi kutoka Umoja wa Ulaya na nchi tano za ASEAN, jumuiya ya nchi za Kusini Mashariki mwa Asia.

Dhana: Mazungumzo ya faragha ni usaliti.

Ukweli: Faragha humruhusu mjumbe kulipima wazo kabla ya kufungwa nalo hadharani; uamuzi hubaki kwa wenye mamlaka.

Dhana: Wanawake huitwa ili kupamba mkutano.

Ukweli: Mwaka 2003 jijini Accra, kwenye mazungumzo ya kumaliza vita vya Liberia, wanawake wa nchi hiyo wakiongozwa na mwanaharakati wa amani Leymah Gbowee hawakuitwa. Walikaa mlangoni mwa ukumbi na kuwazuia wajumbe kutoka, nayo mazungumzo yaliyokuwa yakisuasua yakazaa mkataba tarehe 18 Agosti.